Mwongozo kamili: kubadili mfumo wa kazi bila watu kurudia kaunta buku

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wenye biashara wa Arusha na Moshi yanafanana kama mapacha. "Tumenunua mfumo, tumefundisha watu siku mbili, wote wakasema wameelewa. Mwezi wa pili kila mtu karudi kwenye daftari." Mwingine kabadili zamu, mwingine kaunganisha matawi mawili, mwingine kaleta meneja mpya. Mwisho ni uleule: badiliko lipo ukutani, kazi inafanyika pembeni.

Mara nyingi kasoro haiko kwenye programu. Kila badiliko kazini linamnyang'anya mtu kitu, iwe pesa, heshima, ujuzi aliouhangaikia miaka, au saa ya kumfuata mtoto shule. Asiyeulizwa anapoteza nini hatakupinga kikaoni. Atasema "sawa bosi" na kuendelea na yake.

Mfano nitakaoutumia ni kampuni ya utalii ya Arusha yenye watu kama 30, inayohamisha mafuta, vipuri na ratiba za safari kutoka karatasi kwenda kwenye kompyuta na simu. Mwenye SACCOS, hoteli au duka la jumla la vifaa vya ujenzi abadili majina ya vitu tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, ambaye hatasafiri kwa wiki nane za mwanzo. Wakiwa wawili, wafanyakazi watakwenda kwa yule laini.
- Orodha ya majina ya wafanyakazi wote, vibarua na walinzi wakiwemo, na kazi wanazofanya kweli. Kazi zilizoandikwa kwenye mkataba huwa ni nusu tu ya mambo.
- Mikataba yao ya ajira, na nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.
- Kalenda ya mwaka yenye misimu ya biashara yako.
- Majina ya watu watatu wasio na cheo ambao wenzao huwasikiliza.
- Fungu la fedha lililotengwa kwa ajili ya watu: bando, chakula cha siku za mafunzo, muda wa ziada, na nyongeza za posho nitakazozieleza hatua ya 2. Kama bajeti yote imeishia kwenye programu na kompyuta, ahirisha.
- Miezi mitatu hadi sita. Anayekuahidi wiki mbili anakuuzia programu.

## Hatua ya 1: Andika badiliko kwa sentensi moja

Sentensi iseme lini, nani, anafanya nini, na nini kinakoma. Kwa mfano: "Kuanzia tarehe 5 Mei, gari halijazwi mafuta mpaka dereva ameingiza kilomita kwenye simu, vile vikaratasi vya mafuta havitapokelewa tena." Ifuatishe na sababu, nayo kwa sentensi moja: "Msimu uliopita tulishindwa kujua ni safari ipi ilituletea faida."

Msomee mlinzi wa getini, kisha mwombe akueleze alichosikia. Akikurudishia kwa maneno yake bila kupotosha, sentensi imeiva.

Onyo. Epuka "kuboresha ufanisi" na "kwenda kidijitali". Mfanyakazi akisikia ufanisi, anasikia watu wanapunguzwa. Na kama sababu halisi ni upotevu, usiipambe maua wala usiwatupie watu wote tuhuma. Sema: "Mafuta yanayotoka hayalingani na kilomita zinazotembea. Hatujui yanapotelea wapi, tunataka kujua."

Utajua imefanikiwa pale watu wawili wa idara tofauti wakiulizwa kinachobadilika wanatoa jibu moja.

## Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya hasara

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo wanapoangukia. Chukua karatasi, chora safu tatu: jina, anapoteza nini, tutafidia vipi. Andika majina ya watu, usiandike vyeo. "Madereva" hawapotezi kitu kimoja.

Anza na stookipa. Ana miaka zaidi ya kumi hapo. Bila kugeuza shingo anajua bushi za Land Cruiser ziko rafu ya tatu, nyuma ya makopo ya oili. Asubuhi mafundi wanampigia hodi mmoja mmoja, na siku akiwa likizo gereji inalala. Mfumo ukishaandika kila kipuri kiko wapi, yeye anabaki mtu wa kupokea na kutoa. Mshahara wake haujaguswa hata shilingi, lakini kile kilichowafanya watu wamtegemee kimeondoka. Basi mpe kitu kingine cha kutegemewa: yeye ndiye apange majina na namba za rafu, kipuri kisiingie kwenye mfumo bila yeye kukihakiki, na orodha ya manunuzi ya kila mwezi ipitie kwake kabla ya kufika kwa mhasibu. Ukimletea kijana wa kompyuta ampangie stoo yake, umejitengenezea adui mwenye funguo.

Sasa dereva. Tuseme ukweli, maana kila mtu mjini anaujua: kwenye kampuni nyingi, karatasi ya mafuta ina cha juu. Mara nyingi bosi naye anajua, na alipanga mshahara mdogo akihesabu kwamba jamaa atajijazia njiani. Ukiziba tundu hilo bila kugusa posho, umemkata mshahara. Hatakuambia hivyo kikaoni. Atakuambia mtandao hausomi porini. Na kwa kuwa ndani ya hifadhi zipo sehemu ambazo kweli mtandao haushiki, utashindwa kujua lipi ni lipi.

Fanya mambo mawili. La kwanza, pandisha posho ya safari kwa kiasi fulani, waziwazi, tarehe ileile mfumo unapoanza. La pili, tangaza kwamba ya nyuma hayatafukuliwa. Hili la pili wenye mali hulichukia, na nawaelewa, lakini fikiria: takwimu za mwezi wa kwanza wa mfumo zitaonyesha gari linakunywa lita pungufu kuliko zamani. Kila dereva anajua hesabu hiyo itasomwaje. Asipohakikishiwa kwamba jana imefungwa, atalilinda daftari la zamani kwa meno. Msamaha huu usimguse mtu ambaye tayari yuko kwenye uchunguzi, na mwanasheria wako aupitie kabla hujautamka.

Watu wa kati ndio wanaosahaulika zaidi. Msimamizi wa ofisi ambaye zamani kila taarifa ilipitia mkononi mwake sasa anaona bosi akifungua simu na kuona kila kitu. Wa chini yake nao wanaona bosi anaona. Huyu hapingi kwa maneno. Anavuta miguu: ripoti inachelewa, mtu mpya hapewi nywila, mafunzo yanagongana na kazi. Mweleze mapema, peke yake, mamlaka yapi yanabaki kwake, kisha usiyaguse.

Usidharau hasara ndogo. Kuhamisha zamu ya jikoni kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili alfajiri ni mstari mmoja kwenye ratiba. Kwa dada anayetoka Ngaramtoni kwa daladala, mwenye mtoto wa darasa la pili, ni kuamka usiku na kumlipa jirani ampeleke mtoto.

Namna ya kupata haya yote: usimuulize mtu "unapoteza nini?" Hakuna atakayejibu. Mfuate anapofanyia kazi, gereji, jikoni au stoo, bila kompyuta mkononi. Msalimie anavyostahili, shikamoo kwa mkubwa wako hata kama ndiye unayemlipa. Mwambie, "Nisimulie jana yako tangu ulipoingia getini." Msikilize mpaka mwisho, halafu uliza, "Tukibadilisha hili, wapi patakubana?"

Utajua imefanikiwa pale kila jina lina angalau mstari mmoja, na baadhi ya mistari imekushangaza. Kama hakuna kilichokushangaza, umeijaza ukiwa ofisini.

## Hatua ya 3: Sema ukweli wa ajira kabla uvumi haujasema

Swali la kwanza kichwani mwa kila mtu ni moja: nitabaki? Mpaka lijibiwe, hakuna atakayesikia lingine. Amua kabla ya kikao chochote.

Kama hakuna atakayepunguzwa, andika, weka sahihi, bandika. Kauli ya mdomo haitoshi. Kama hujui bado, usiahidi. Taja tarehe utakayojua.

Kama wapo watakaopunguzwa, sheria ina njia yake. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio mapema, kutoa taarifa muhimu, na kushauriana kuhusu sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Mashauriano hufanyika na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa hapo kazini, na kama hakipo, na wafanyakazi wenyewe. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi ana kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka 10. Mtu ambaye siku yake ni Sh 20,000 na ana miaka 6 atapata 7 × 20,000 × 6, yaani Sh 840,000, ukiacha likizo na madai mengine. Akipewa kazi nyingine na kuikataa bila sababu ya maana, haki hiyo anaweza kuipoteza.

Hata pasipo kupunguza mtu, badiliko linalogusa masharti ya kazi, kama saa, kituo au majukumu, linahitaji mashauriano na marekebisho ya maandishi ya masharti ya ajira yake. Msichukulie kwamba kwa vile alinyamaza, alikubali.

Onyo. Aliyeachishwa bila utaratibu ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wengi wanaiita CMA. Gharama ya kesi ni jambo moja. Waliobaki kazini kumwona mwenzao akipanda ngazi za Tume ni jingine. Kwa upande wa badiliko lako, la pili ndilo zito.

## Hatua ya 4: Ongea na wale watatu kwanza

Kila kazi ina watu ambao wengine huwatazama usoni kabla ya kuinua mkono. Anaweza kuwa dereva mkongwe, mpishi, au mweka hazina wa kibati cha wafanyakazi, ule mchezo wa kuchanga pesa na kupokezana. Kibati ni kipimo kizuri sana: anayeaminiwa kushika pesa za wenzake bila risiti ndiye anayesikilizwa.

Waone mmoja mmoja. Waonyeshe sentensi yako na orodha ya hasara bila mambo ya siri ya wenzao, na uulize, "Hapa nimekosea wapi?" Badilisha angalau jambo moja kwa neno lao, tena jambo la maana. Usipokuwa tayari kubadilisha chochote, usiwaite; watagundua ni kuzugwa, na watawaambia wengine.

Onyo. Usiwape bahasha. Habari zitafika gereji kabla hujafika nyumbani.

## Hatua ya 5: Kikao kikuu

Kiwe asubuhi, muda wa kazi, dakika 40, chai na vitafunwa vya kutosha. Kikao cha saa kumi na moja jioni kinasikilizwa na watu wanaowaza daladala.

Azungumze mwenye kauli ya mwisho mwenyewe. Asimtume mtaalamu wa programu. Afuate mpangilio huu: kinachobadilika, kwa nini, kisichobadilika, nani atabaki, nani atapoteza nini na kampuni itafanya nini. Hilo la mwisho likisikika kutoka mdomoni mwa bosi, utaona watu wanainua vichwa. Walikuja wakitegemea kusifiwa mfumo.

Halafu maswali. Hapa ndipo ukimya unapowadanganya wengi. "Kuna swali?" Kimya. "Basi tumekubaliana." Hapana. Kikao cha kweli kitafanyika saa saba mchana kwa mama ntilie, wewe ukiwa haupo. Kabla hujauliza maswali, wagawe watu watatu watatu, kila kundi liandike karatasini swali moja bila jina. Yasome yote kwa sauti, hata lile la kukera. Usilo na jibu lake sema "Hilo sijui, Ijumaa nitawajibu," na Ijumaa ujibu hata kama jibu lenyewe ni kwamba bado hujui.

Utajua imefanikiwa pale angalau swali moja limekuwa kali. Kikao kisicho na swali kali kimekataliwa kimyakimya.

## Hatua ya 6: Chagua tarehe

Kwa utalii wa kaskazini, usianze Juni hadi Oktoba wala wiki za Krismasi. Aprili na Mei, mvua za masika, ndiyo nafasi, ila hakikisha wafanyakazi wa msimu hawajarudi makwao. Kwa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za kahawa za Kilimanjaro, maliza kabla mavuno hayajachanganya. Kwa SACCOS, iache Januari na ada za shule. Na Moshi Desemba ni ya familia kurudi nyumbani. Badiliko lolote la mwezi huo utalifanya na mlinzi.

## Hatua ya 7: Fundisha kazi, usifundishe programu

Mafunzo mengi huanza na "hii ni dashibodi". Dereva haihitaji. Anahitaji mambo matatu: kuingiza kilomita, kupiga picha ya risiti ya pampu, na kutuma taarifa akishapata mtandao. Mfundishe hayo matatu, akiwa kando ya gari, kwa simu yake mwenyewe.

Kaa nyuma ya darasa utazame mikono. Kuna mzee wa miaka hamsini na kitu anashika simu mbali, anaisogeza karibu, anaiweka mezani. Ukimkaribia anasema, "Leo nimesahau miwani." Kesho yake tena amesahau miwani. Inawezekana hana miwani kabisa, au herufi ni ndogo, au kuandika kunamtoa jasho na hataki binti wa miaka 23 aliyekuja kufundisha aone. Usimwite mbele. Usimwambie "mzee, ni rahisi tu", maana kama ni rahisi na yeye ameshindwa, umemwambia nini?

Mfundishe peke yake, saa moja kabla wengine hawajafika. Kuza herufi kwenye simu. Kama tatizo ni macho, kampuni ilipie kipimo na miwani. Ni nafuu kuliko mwezi mmoja wa taarifa zilizokosewa. Binti aanze na shikamoo, akae pembeni yake, asisimame juu yake, na simu isitoke mkononi mwa mzee. Hili ni kubwa. Mkufunzi akiinyakua simu na kubonyeza mwenyewe haraka haraka, mwanafunzi amejifunza kitu kimoja tu, kwamba hawezi.

Akishaweza, mpe wawili wa kuwafundisha. Mkongwe akionekana anafundisha, vijana wataona aibu kusema mfumo ni mgumu.

Jambo jingine ni bando. Ukimtaka mtu atumie simu yake kwa kazi yako, mnunulie data kila mwezi, au mpe simu ya kazi. Kampuni ikikataa gharama hii ndogo, kila dereva atakuwa na sababu halali ya kutotuma taarifa.

Onyo. Usiseme matokeo ya mazoezi mbele za watu, hata kwa utani. Arusha utani unakwenda mbali, na jina la kejeli likimshika mtu wiki ya mafunzo halitamtoka mwaka mzima.

Utajua imefanikiwa pale kila mtu amefanya kazi yake nzima, mwanzo hadi mwisho, mara tatu mfululizo bila kuguswa mkono.

## Hatua ya 8: Anza na kona moja

Chukua magari matatu, au tawi moja, au dirisha moja la SACCOS. Wiki mbili. Chagua kona yenye watu wa kawaida. Ukichagua wale hodari, wengine watasema "wale ni wasomi".

Bandika karatasi ukutani yenye safu mbili: lalamiko, na lilivyoshughulikiwa. Lalamiko la Jumatatu lipate jibu kabla ya Alhamisi, hata kama jibu ni "hili haliwezekani kwa sababu hii". Lile moja mtakalolirekebisha kwa sababu fundi alisema litafanya kazi kuliko hotuba zako zote.

Mara nyingine wanaolalamika wana haki kabisa. Chama cha wakulima kikileta mizani ya kidijitali na ujumbe wa simu badala ya stakabadhi ya karatasi, bibi aliyeshusha kahawa yake atakataa kuondoka bila karatasi mkononi. Ana maana: karatasi ile ndiyo ushahidi wake siku malipo yakichelewa. Chapisha stakabadhi.

## Hatua ya 9: Funga njia ya zamani

Ukiacha daftari na mfumo viende pamoja bila mwisho, daftari litashinda. Linajulikana, halizimiki, halidai nywila. Tena kuandika mara mbili kunawachosha watu, na lawama inaangukia kipya.

Toa tarehe ya mwisho wa njia ya zamani siku ileile unapotangaza mwanzo wa mpya. Wiki nne za kwenda sambamba zinatosha kwa wengi. Siku ikifika, kusanya kaunta buku zote, stookipa na mhasibu waweke sahihi ukurasa wa mwisho, zifungiwe kabatini. Usizichome, utazihitaji kwa ukaguzi.

Kisha weka njia rasmi ya dharura. Umeme utakatika. Mtandao utakatika. Tayarisha fomu ya karatasi moja yenye namba, na kanuni kwamba kila fomu inaingizwa kwenye mfumo ndani ya saa 24 na mtu mwenye jina. Isipokuwepo, watu watajitengenezea ya kwao.

Wiki ya tatu baada ya kufunga, pita kaunta kwa kaunta. Utakuta daftari la shule, jipya, chini ya boksi la risiti, limeandikwa kwa mkono mzuri: tarehe, namba ya gari, kipuri, jina. Usipige kelele. Keti na mwenye nalo, mlifungue ukurasa kwa ukurasa, muulize kila mstari uko pale kwa nini. Mara nyingi atakuonyesha kitu ambacho mfumo hauna, kwa mfano vipuri vilivyoazimwa na kampuni jirani, ambavyo hakuna pa kuviandika. Ongeza sehemu hiyo kwenye mfumo. Daftari litafungwa lenyewe.

Utajua imefanikiwa pale mtu akiuliza "bushi zimebaki ngapi?", anayejibu anatazama kioo kwanza.

## Hatua ya 10: Mbane bosi

Badiliko nyingi nilizoona zikifa ziliuliwa na aliyezileta. Jumamosi usiku mgeni mkubwa kafika, gari linahitaji mafuta, dereva anasema mfumo unadai kilomita. Bosi anapiga simu: "Mpe tu, tutaandika Jumatatu." Sentensi hiyo moja inajulikana gereji nzima kabla ya asubuhi, na kuanzia hapo kila mtu ana Jumatatu yake.

Andikeni mapema nani anaruhusiwa kuvunja utaratibu, kwa sababu zipi, na anaandika wapi. Kisha mwombe bosi, mbele ya watu, kwamba yeye naye akivunja ataandika. Mwenye mali akikataa, bora mwambie asitumie pesa zake kwa mfumo huo.

Wiki ya tatu hadi ya nane kazi itakwenda polepole kuliko zamani. Ni kawaida, watu wanatumia mikono ambayo haijazoea. Wahi kumwambia bosi hilo, maana asipojua, wiki ya tano atatangaza "turudi kwanza tulipokuwa", na badiliko lijalo halitaaminiwa na yeyote.

## Hatua ya 11: Anayebaki nyuma

Mmarekani Jeff Hiatt, mwanzilishi wa kampuni ya Prosci, alipanga safari ya mtu mmoja katika ngazi tano: kutambua kwa nini, kutaka, kujua namna, kuweza, na kudumishwa. Naipenda kwa matumizi haya tu: kabla hujamwadhibu mtu, jua kakwama ngazi ipi.

Asiyetambua kwa nini, rudi naye kwenye sentensi ya hatua ya 1. Asiyetaka, fungua orodha ya hasara. Kuna mstari wake hujaufidia. Asiyejua, mfundishe. Asiyeweza, mpe muda, miwani au kazi nyingine inayolingana. Aliyeweza akaacha, tazama nani kamruhusu.

Akibaki mtu mmoja ambaye umefanya yote hayo na bado anatia ngumu, hapo ni suala la nidhamu, na lina taratibu zake: onyo la maandishi, nafasi ya kujieleza akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, kumbukumbu ya kila hatua. Usilifanye kwa hasira wala mbele ya wenzake. Na usilifanye kabla ya wiki ya nane, kwa sababu kabla ya hapo huwezi kutofautisha mgumu na mwenye hofu.

## Mwezi wa sita

Rekebisha maelezo ya kazi ya kila mtu yaendane na anachofanya sasa. Andika namna mfanyakazi mpya atakavyofundishwa na nani atamfundisha, la sivyo atajifunza njia za mkato kutoka kwa wenzake. Linganisha posho na mishahara na ulichoahidi hatua ya 2. Kisha itoe ile karatasi ya safu tatu, keti na wale watu watatu, mpitie jina kwa jina. Mstari wowote ambao haujafidiwa ulipwe mwezi huohuo, kabla hujatangaza badiliko jingine.